Jinsi Nilivyousogeza Mji wa Rwamashozi

Juzi kijana wa kazi alikuwa anapaka chokaa mawe yaliyo mbele ya nyumba yangu ya wageni hapa Bilele, Bukoba mjini. Alipomwaga maji kwenye pipa, chokaa ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, ikatoa ile harufu yake inayopanda puani na kukausha koo. Nilikuwa nimekuja kumgombeza kwa kuchelewa. Nikasimama pale, mkono kiunoni, ugomvi wote ukanitoka. Kijana akanitazama akadhani naumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekwenda Rwamashozi, nina miaka tisa au kumi (mama hakuandika, alihesabu kwa misimu ya kahawa), namtazama tarishi wa baraza akipaka chokaa shina la mlingoti wa bendera.

Acha nikueleze habari ya mlingoti huo, maana wapo watu mjini hapa wanaosema kwamba mali yangu ni ya bahati. Bahati! Malori matatu ambayo watu wanayatambua kwa honi tangu Kyaka hadi Biharamulo, duka la jumla, nyumba za kupangisha, halafu bahati. Ni kweli darasa la pili sikulimaliza. Lakini kabla sijavaa kaptula ya pili maishani mwangu nilikuwa nimekwisha kuusogeza mji mzima wa serikali ya Mwingereza, hatua sitini kamili, bila kuunyanyua. Soma kwanza, ubishi utakuja baadaye.

Rwamashozi usihangaike kuutafuta kwenye ramani. Ukitoka Muleba kwa njia ya kwenda Rubya unapanda, unashuka, unapanda tena, mpaka unajiuliza kama nchi hii iliumbwa na mtu mwenye haraka. Milima yetu imelala sambamba kama watoto kitandani: mgongo, bonde, mgongo, bonde. Juu ya migongo kuna migomba na watu. Kati yake kuna rweya, yaani majani matupu, ambamo hakioti kitu cha maana ila nyasi za kuezekea, na wanakaa mbuzi wanaopenda kupotea. Ukisimama juu kabisa asubuhi baada ya mvua, unaliona Ziwa, na mbali kabisa unaona kitu cheusi ambacho baba mdogo alisema ni kisiwa cha Goziba na mama akasema ni wingu. Walibishana miaka yote ile, na hakuna aliyepanda mtumbwi kwenda kuhakikisha.

Mji wenyewe ulikuwa barabara moja, maduka matatu ya Wahindi na moja la Mwarabu, banda la kahawa, na soko katikati. Juu ya soko, kwenye mteremko, ilikaa nyumba ya baraza yenye veranda ya saruji. Mbali nyuma ya baraza, juu mlimani, kulikuwa na choo cha serikali ambacho hakuna mtu aliyewahi kukitumia, kwa sababu kilikuwa na kufuli na ufunguo alikuwa nao Mwami.

Serikali yetu ilipangwa hivi. Juu kabisa alikuwepo Mfalme wa Uingereza, ambaye tulimjua kwa kichwa chake kwenye sarafu. Chini yake Bwana Shauri wa Bukoba, mkuu wa wilaya, ambaye tulimjua kwa vumbi la gari lake. Chini yake Mukama, mfalme wetu wa jadi, ambaye tulimjua kwa ngoma. Chini yake Mwami wa gombolola, yaani mkuu wa tarafa yetu, Mwami Rutabana, na huyu tulimjua vizuri kuliko tulivyotaka. Chini ya Mwami alikuwepo tarishi, na chini ya tarishi tulikuwepo sisi.

Mwami Rutabana alikuwa mtu mrefu, mweupe wa kanzu. Kanzu yake ilipigwa pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe. Juu yake alivaa koti jeusi, na chini alivaa viatu vya kamba, vya ngozi, viatu vilivyolia ngwe, ngwe, hata ukiwa ndani ya nyumba ulijua serikali inapita. Shida yake ilikuwa moja. Amri ilisema kila tangazo lisomwe chini ya bendera, na bendera ilikuwa katikati ya soko, mahali ambapo maji yote ya mlima yalikuja kupumzika. Kila Jumamosi Mwami alishuka kutoka verandani kwake akiruka madimbwi kama korongo, kanzu ameishika kwa mikono miwili, na sisi watoto tulikwenda mapema ili tupate mahali pazuri pa kumwona anavyoruka.

Jumamosi moja akasoma kwamba Rwamashozi umekuwa mji.

Watu wakapiga makofi. Halafu Mwami akaendelea kusoma, na makofi yakaisha. Mji, alisema, ni ardhi yote iliyo ndani ya minyororo ishirini ya mpimaji kutoka kwenye mlingoti huu, pande zote. Na ndani ya mji migomba haitakiwi kukaa karibu na nyumba, kwa sababu inaficha mbu. Baada ya mvua Bwana Afya atakuja na watu wake kuifyeka.

Sijui wewe umezaliwa mahali gani. Kwetu nyumba haijengwi halafu ikapandiwa migomba kando. Nyumba inakaa ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba, kama kiini ndani ya yai. Nyumba yetu ilikuwa msonge wa nyasi, na migomba iliigusa pande zote: nshakala na nyoya za chakula, na upande wa chini mbire za lubisi, pombe yetu ya ndizi. Babu na baba yake wamelala humohumo. Ukiiondoa migomba iliyo karibu na nyumba, hujaondoa mbu. Umemwondoa mtu.

"Labda sisi tuko nje ya mji," mama alisema tulipofika nyumbani.

Hatukuwa nje. Wiki ileile akaja mpimaji, kijana mpole kutoka upande wa Tabora, kavaa kofia ngumu, na watu wawili wanavuta mnyororo. Kibanja chetu kilikuwa upande wa chini wa soko. Wakashuka nao, mnyororo wa kumi na tano, wa kumi na sita, wa kumi na nane. Tata, baba yangu, alikuwa mtu asiye na kelele, lakini alipoona wanaingia alikimbia mbele yao akasimama kando ya milamula yetu. Mlamula ni mti mwembamba wenye majani marefu, hata ukiutupa juu ya jiwe hautaki kufa. Ndio tunaopanda kati ya kibanja na kibanja, majirani wote wawili wamesimama wanaona, na tangu hapo hakuna wa kuuliza.

"Bwana mdogo, mpaka ni huu," tata akasema.

"Huo ni mpaka wa kibanja, mzee. Mimi natafuta mpaka wa mji."

"Mji ni kibanja cha nani?"

"Cha serikali."

"Haya. Serikali ilete mlamula wake, mimi nilete jembe, tupande pamoja majirani wanaona."

Kijana akafuta jasho. "Mzee, serikali haipandi. Serikali inapima."

"Inapima kutoka wapi?"

"Kule, mlingotini."

Tata akageuka akaitazama bendera kule sokoni, ndogo kama leso. "Mpaka wa hapa uko kule?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe umesoma?"

"Nimesoma, mzee."

"Pole," tata akasema, akampisha.

Mnyororo wa ishirini ukakomea nyuma ya nyumba yetu. Wakapigilia kigingi. Msonge wetu, makaburi, na nusu nzima ya kibanja, kama hatua hamsini kwenda ndani, vyote vikawa mjini. Upande wa juu, kule kwa Mwami, duara lilikomea kwenye ukuta wa choo cha serikali, na kibanja cha Mwami kilianzia nyuma ya choo hichohicho. Mwami akasema hiyo ndiyo hekima ya wapimaji. Kwa tata akasema, "Rwegoshora, sheria ni sheria. Utazoea kukaa kama Mhindi, jua linaingia mpaka chumbani."

Mpimaji kabla hajaondoka alituambia vile vigingi ni vya kukadiria tu. Baada ya mvua angerudi na mawe ya saruji, apime upya kutoka mlingotini, na hapo ndipo mpaka ungekuwa mpaka.

Wazee wakakaa siku tatu kwa mzee jirani yetu, Ta Kaiza, wakilizungumza jambo lile. Hawakuambulia kitu. Kila mtu alikuwa anafikiria ukingoni: tung'oe vigingi, tuvihamishe, tupande milamula mingi zaidi. Tangu dunia iumbwe mpaka ulikuwa kitu kinachokaa mpakani. Hakuna mzee hata mmoja, na walikuwepo wazee waliokata kesi mpaka kwa Mukama, aliyefikiri kwamba mpaka unaweza kuhifadhiwa katikati kama unga.

Mimi ndiye niliyefikiri. Sijisifu, naeleza. Kazi yangu ilikuwa kumfunga beberu wetu kwenye rweya, kamba ndefu, kigingi ardhini. Siku moja nikakisogeza kigingi kidogo tu ili nami nikae kivulini. Beberu akala kama kawaida yake, na kawaida yake safari hii ikaingia katika maharage ya Ta Kaiza, mistari minne. Nilichapwa na Ta Kaiza, halafu nikachapwa na tata kwa ajili ya Ta Kaiza. Jioni nimelala kifudifudi, maana upande mwingine haukufaa, nikawa naona beberu machoni: upande ule ameacha majani mazima, upande huu amekula maharage, na kamba ni ileile. Nikainuka kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Tata! Mji umefungwa kamba!"

"Umechanganyikiwa na fimbo," mama akasema.

"Umefungwa pale mlingotini. Mlingoti ukisogea juu, mji wote unasogea juu. Kwetu unatoka!"

Tata alikuwa ananoa panga. Akaacha. "Rudia," akasema. Nikarudia, na safari hii nikachora kwa kidole kwenye majivu. Akayatazama yale majivu muda mrefu, halafu akayafuta kwa mguu. "Usimwambie mtu," akasema, akaendelea kunoa.

Basi! Hakuna "hongera", hakuna "mwanangu una akili". Nilitembea kijiji kizima miezi miwili kifua mbele, siri tumboni, na watu wakamwuliza mama kama nina minyoo.

Mvua zikapiga. Halafu Jumamosi moja, soko limejaa, Mwami amesharuka madimbwi yake, amefungua karatasi, amekohoa, mlingoti ukasema kwaa. Ukainama taratibu kama mzee anayekaa, ukaanguka. Mti wenyewe haukumpata mtu. Bendera ilitua juu ya Ma Bugonzi, mama aliyeuza samaki wakavu, ikamfunika yeye na samaki wake.

Akaanza kupapatika. Tarishi akakaza mwili, akapiga saluti.

"Asiguse mtu!" akapiga kelele. "Hiyo ni bendera ya Mfalme!"

"Mfalme aje aiondoe!" sauti ikatoka ndani. "Mimi nakosa pumzi!"

"Mama, tulia, usiichafue kwa samaki."

"Nani amemfuata mwenzake kwenye samaki? Mimi au yeye?"

Mwami mwenyewe, katika kuruka nyuma, alikuwa ameingia dimbwi lenye kina kuliko yote, viatu vyote viwili, na sasa alisimama humo akiitazama miguu yake isiyoonekana. Tarishi alipokwenda kukagua kisiki alirudi na mchwa kiganjani. Mchwa, akatangaza, wameasi serikali.

Jumatatu tukaitwa kazi ya kijiji, kusimamisha mlingoti mpya wa mti wa msambya. Tata alikuja na jembe kama wengine. Mwami alikuwa amesimama juu ya ubao ili asikanyage matope, na viatu vyake, nakwambia kweli, vilikuwa vimepauka na kujikunja ncha kama majani ya mgomba yaliyopigwa jua. Nikaona saa yangu imefika. Nikaenda mbele, nikapiga magoti kwa adabu zote.

"Waitu," nikasema, kama tunavyowaita wakubwa, "viatu vyako vitaharibika kila Jumamosi. Kwa nini bendera isikae pale juu, mbele ya veranda, uwe unasoma umeketi?"

Mwami akafungua mdomo kucheka. Lakini kabla hajacheka tata akalitupa jembe chini, akanikamata sikio akalisokota mpaka nikaona nyota mchana.

"Funga mdomo wako! Mlingoti wa Mfalme haukai popote ila hapahapa ulipokuwa. Nani amewahi kuona Mwami anasoma amri amekaa verandani kama bibi anayemenya ndizi? Ashuke kwenye matope kama waliomtangulia!"

Mwami akashuka kwenye ubao wake.

"Rwegoshora. Tangu lini unanipangia mahali pa kukaa?"

"Nisamehe, waitu. Lakini mlingoti…"

"Chimba pale."

"Waitu, pale pana mawe."

"Utayachimba na mawe yake. Wewe mwenyewe. Na mtoto huyu muache sikio, ana akili kukushinda."

Tata akachimba, anaguna, mashavu yamemvimba kwa hasira. Mimi nikaenda kulia nyuma ya banda la kahawa. Nimeiokoa nyumba yetu, na malipo yangu ni sikio linalowaka moto mbele ya watoto wote wa Rwamashozi! Niliapa nikiwa mkubwa nitahamia Bukoba na sitamletea tata hata sukari. Sehemu ya kwanza niliitimiza.

Mlingoti ukasimama mbele ya veranda, hatua sitini juu ya mahali pake pa zamani, nikazihesabu mwenyewe mara tatu. Tarishi akaupaka chokaa. Mwami akamwamuru karani aandike barua kwa Bwana Shauri kueleza kwamba yeye, kwa bidii yake, ameihamishia bendera mahali penye heshima zaidi.

Mwezi mmoja baadaye, mvua zimekatika, yule kijana wa Tabora akarudi na mawe yake ya saruji kwenye mkokoteni. Alianzia kwetu. Kijiji chote kilimfuata. Mnyororo wa kumi na tisa, wa ishirini, akachomeka fimbo. Ilikuwa njiani, nje kabisa ya milamula yetu. Alitazama kibanja chetu, akatazama daftari lake, akatazama mlingoti, akamtazama tata. Tata alikuwa anatazama mawingu.

"Mzee," kijana akasema polepole, "mpaka wako ulikuwa sahihi."

Halafu wakapanda upande wa juu. Walipofika kwenye choo cha serikali na hawakusimama, Mwami akaja mbio kutoka verandani, ngwe, ngwe, ngwe.

"Kijana! Unakwenda wapi? Mji unaishia chooni!"

"Waitu, choo sasa kiko ndani kabisa."

"Fuata vigingi vya zamani!"

"Havipo, waitu. Nimeambiwa vimekuwa kuni."

Wanawake wakatazama chini. Mwami akautazama mlingoti, akakitazama choo, akanitazama mimi. Nikaona jambo lile linamwingia taratibu kama maji yanavyoingia kiatuni.

"Urudisheni sokoni," akasema. "Leo hii. Ung'oeni."

Kijana akafungua karatasi yenye mhuri. "Bwana Shauri ameshatia sahihi, waitu. Imeandikwa: mlingoti ulio mbele ya veranda ya baraza, kama alivyoarifu Mwami kwa barua yake."

Mnyororo wa ishirini ukakomea hatua sitini ndani ya kibanja cha Mwami. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya mti wa msambya ili nione vizuri. Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka. Nilikuwa na umri mdogo, na nilikuwa nimemshinda Mwingereza na Mwami kwa akili ya mtoto mmoja na mbuzi mmoja. Nani asingecheka?

Siku ya nne akaja Bwana Afya na watu kumi wenye mapanga. Nikapanda tena mti wangu. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukiona mara ya kwanza. Ndani ya zile hatua sitini haikuwepo nyumba ya Mwami. Nyumba yake ya bati ilikuwa mbali zaidi, huko nyuma. Iliyokuwepo ni nyumba ndogo ya mama yake, Ma Kokugonza, bibi aliyekuwa akitugawia ndizi mbivu watoto wote waliopita njia ile, hata sisi ambao baba zetu walikuwa hawasemezani na mwanawe.

Hakulia. Alikaa mlangoni na kiko chake mdomoni, na kila mgomba uliolengwa aliutaja kabla panga halijashuka. Huo nilipewa na mama mkwe. Huo nilikuja nao kutoka kwetu Kiziba, kichwani, siku ya harusi. Huo ni wa yule mtoto aliyefariki. Wafyekaji walianza kwa nguvu, wakapunguza, mwishoni mmoja akaweka panga chini akasema ameumia mkono. Mwami alisimama kando, kanzu nyeupe, akawaacha wakate, kwa sababu sheria ni sheria. Kicheko changu kilikuwa bado kiko kinywani, sikujua nikiteme wapi.

Ndipo tata akaja, jembe begani.

"Umekuja kucheka, Rwegoshora?" Mwami akasema.

"Nimekuja na jembe, waitu. Mtu wa kucheka angekuja mikono mitupu."

Akamwomba Bwana Afya asubiri. Akachimbua machipukizi kwenye mashina, moja baada ya jingine, huku akimwuliza bibi jina la kila moja. Akaniita nishuke kwenye mti, bila kunitazama, kama mtu anayejua tangu mwanzo niko wapi. Tukayabeba mimi, yeye na mama mpaka kwetu. Upande wa njia, pale mpaka wa mji ulipokuwa umetugusa na kuondoka, kulikuwa na mashimo kumi na mawili yamepangwa mstari, samadi nyeusi imejaa ndani, laini kama ugoro. Jua halijafika utosini yote yalikuwa ardhini. Tata akamwambia Ma Kokugonza, "Mama, kibanja chako kimeshuka kidogo tu. Kipo hapa." Na mimi nikapewa kazi ya kumpelekea kila wiki mkungu mmoja wa ndizi zetu mpaka zake zitakapozaa. Mlima ule ni mkali. Naujua kwa shingo.

Bibi akawa anashuka kila siku kuikagua migomba yake, anaisemesha. Mwami, kwa sababu mtu hawezi kuacha kumwamkia mama yake, akawa anashuka pia. Mwanzoni alisimama njiani. Halafu akasimama uani. Halafu, kwa kuwa mjini hakuna ruhusa ya kupika lubisi na kwetu ni nje ya mji, siku moja akakaa. Baada ya hapo viatu vyake tuliviona mlangoni mwetu mara nyingi kuliko vya ndugu zetu.

Hadithi hii nimeisimulia maisha yangu yote. Nilikuwa nikiisimulia kwa Waarabu nilipoanza kubeba magunia, nikaisimulia kwa yule Mhindi aliyeniuzia lori la kwanza, na kila mara nilikuwa mimi niliyeusogeza mji. Miaka michache iliyopita nikanunua kibanja karibu na Muleba, maana mtu wa heshima lazima awe na kibanja. Nikamsimamia mzee mmoja kibarua, namwamuru achimbe mashimo asubuhi na apande jioni. Mzee akanicheka. Samadi mbichi, akaniambia, inachoma mizizi. Shimo unalichimba, unalijaza, unaliacha lilale miezi miwili mpaka lipoe. "Wewe kweli ni Mhaya?" akaniuliza.

Nikapanda gari moja kwa moja mpaka kwa mama. Tata alikuwa amekwisha kufariki.

"Mama," nikasema, "yale mashimo ya Ma Kokugonza. Tata aliyachimba lini?"

Mama alikuwa anachambua maharage. "Mara tu ulipotuchorea kwenye majivu. Aliuliza tu mji ukienda juu utamkalia nani, akapanda kule akahesabu hatua, akarudi akaanza kuchimba. Samadi niliibeba mimi. Wewe ulikuwa unatembea kijijini umejaza kifua."

"Lakini wakati ule mlingoti ulikuwa bado umesimama."

"Ulikuwa umesimama," mama akasema. "Alingoja samadi ipoe kwanza. Halafu siku moja mvua inanyesha, watu wote ndani, akatoka na msumeno, akaukata karibu wote, akaziba kwa udongo wa kichuguu. Ulikuwa mti mgumu sana ule. Alirudi mikono ina malengelenge, akasema mchwa wa Rwamashozi wana kazi."

Nikalishika bila kujua sikio langu, lile alilolisokota mbele ya Mwami. Mimi nilikuwa nimewaza namna ya kuutoa mji nyumbani kwetu, basi. Yeye alikuwa ameufuata mpaka mahali utakapoangukia, akatandika chini kabla haujafika, halafu akaniachia sifa zote nizurure nazo kwa miaka thelathini. Nikakaa chini kwenye nyasi, na suti yangu, nikavuta ungo wa maharage nikaanza kumsaidia.